Bima Hufuata Gari Linapolala: Mwongozo wa Bima ya Gari na Nyumba kwa Anayehama Jimbo Marekani

Niligongwa kwa nyuma nikiwa nimesimama kwenye taa nyekundu mjini Houston, miezi saba baada ya kuhama Minneapolis. Aliyenigonga hakuwa na bima. Nilishuka garini shingo inauma lakini moyo umetulia, kwa sababu nilidhani najua kinachofuata: nitaenda hospitali, bima yangu italipa, mengine watamalizana wenyewe. Ndivyo ilivyokuwa Minnesota. Miaka minne niliyokaa kule sikuwahi kujiuliza kama hiyo ilikuwa sheria ya Minnesota au ya Marekani.

Ilikuwa ya Minnesota. Mwaka 1945 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya McCarran-Ferguson, iliyoacha usimamizi wa bima mikononi mwa majimbo, na mpaka leo kila jimbo lina msimamizi wake, viwango vyake na vituko vyake. Sisi tuliokulia kwenye msimamizi mmoja wa bima kwa nchi nzima, TIRA ya Tanzania au IRA ya Kenya, hili linatupita kirahisi. Bima ndogo ya Dar es Salaam ndiyo hiyo hiyo ya Mwanza. Huku ukivuka mto tu kutoka Louisville, upande wa pili ni Indiana, na sheria ya nani atakulipia hospitali imeshabadilika.

Shemeji yangu anahama Louisville kwenda Dallas mwezi ujao. Amenipigia mara tatu wiki hii, kila mara na swali jipya, na kila jibu alilonalo amelipata kwa rafiki aliyeko jimbo la tatu kabisa. Nimeamua kuyaandika yote kwa mpangilio, ili na wengine wapate.

Hatua ya 1: Gari linalala wapi?

Swali la kwanza la kila wakala ni anwani, na haulizi ili akutumie barua. Bei na sheria vyote vinafuata mahali gari linapolala usiku. Ukihama, mkataba wa zamani unakulinda njiani na siku za mwanzo, lakini ukishakuwa mkazi wa jimbo jipya unatakiwa uandikiwe mkataba wa jimbo hilo, hata kama kampuni ni ile ile na wakala anakuita kwa jina.

Muda wa kubadilisha nao hauko sawa. Texas inakupa siku 30 kusajili gari na siku 90 kuchukua leseni ya udereva. Minnesota inatoa siku 60 kwa yote mawili. California ina haraka zaidi: siku 10 za leseni, siku 20 za gari. Florida nayo inahesabu siku 10 za kusajili gari tangu uanze kazi au uandikishe mtoto shule.

Mpangilio ni huu: nunua bima ya jimbo jipya, sajili gari, kisha ndipo ufute ile ya zamani. Wengi wetu tunaanza na kufuta, tukihofia kulipa mara mbili kwa wiki moja. Usifanye hivyo. Pengo la hata siku moja bila bima linaandikwa kwenye rekodi, na kampuni ijayo italitumia kukupandishia bei. New York, Florida na North Carolina ni wakali zaidi: ukifuta bima kabla ya kurudisha namba za gari au kulisajili kwingine, kompyuta yao inaona gari lenye namba zao lisilo na bima, na barua ya kusimamisha usajili au leseni inakufuata huko ulikohamia.

Halafu kuna mchezo ambao sote tunaujua. Mtu anaishi Brooklyn, gari limeandikwa kwa anwani ya binamu yake Ohio, kwa kuwa kule bima ni nafuu. Mambo yanakwenda mpaka siku ya ajali. Siku hiyo mkadiria hasara anauliza unafanya kazi wapi, watoto wanasoma wapi, gari lilikuwa linaegeshwa wapi wiki iliyopita. Ukibainika ulidanganya anwani, kampuni inaweza kukataa madai na kuufuta mkataba. Unakuwa umelipa miaka mitatu, siku ya haja hakuna kitu.

Hatua ya 2: Soma zile namba tatu

Kiwango cha chini cha lazima huandikwa kwa namba tatu zenye mkwaju katikati. Texas ni 30/60/25. Maana yake: ukisababisha ajali, bima yako itamlipa majeruhi mmoja hadi dola 30,000, wakiumia wengi, wote kwa pamoja hadi dola 60,000, na mali ya watu uliyoharibu, hadi dola 25,000. Hii ndiyo inayofanana na bima ndogo ya gari ya kule kwetu. Inamlinda yule uliyemgonga. Gari lako halimo, wala shingo yako.

Ohio, Georgia na Kentucky ni 25/50/25, Arizona 25/50/15. California ilikaa na 15/30/5 kwa zaidi ya nusu karne, ikapandisha kuwa 30/60/15 tarehe 1 Januari 2025. Siku hiyo hiyo Virginia ilifika 50/100/25, na Julai mwaka huo North Carolina ikaenda 50/100/50. Pennsylvania bado iko kwenye 15/30/5, na dola 5,000 za mali leo hazimalizi hata bampa na taa za baadhi ya magari. New Hampshire hailazimishi bima kabisa, ila ukigonga ni lazima uweze kulipa. Virginia nayo iliruhusu mtu alipe dola 500 serikalini na kuendesha bila bima, mpaka katikati ya 2024 mlango huo ukafungwa. Kwa hiyo mjomba aliyekuambia "Virginia siyo lazima" hakukudanganya. Habari zake zimechacha tu.

Sasa piga hesabu na mimi. Umegonga pikapu ya dola 55,000 mjini Dallas, imekuwa chuma chakavu. Una kiwango cha chini cha Texas. Bima inatoa 25,000 na kazi yake imekwisha. Dola 30,000 zilizobaki ni zako, na anayekudai siyo lazima awe mwenye pikapu; kampuni yake ya bima ikishamlipa inaweza kukugeukia wewe. Ndiyo maana namwambia shemeji aombe bei mbili, ya kiwango cha chini na ya 100/300/100, aziweke pamoja mezani. Mara nyingi tofauti kwa mwezi ni ndogo kuliko mtu anavyohofia.

"Bima kubwa" huku siyo neno la kisheria. Wakala akisema umepata bima kamili, kwa kawaida anamaanisha ameongeza vitu viwili juu ya ile ya lazima: ya kugongana, na ya mengineyo kama wizi, moto, mvua ya mawe na kulungu anayeruka barabarani usiku. Gari likiwa la mkopo, benki itavidai vyote viwili. Kila kimoja kina didaktibo yake, yaani fungu unalolipa mwenyewe kabla kampuni haijatoa senti. Hapa pia majimbo yana mambo yake: Kentucky na Florida, ukiwa na hiyo ya mengineyo, kioo cha mbele kinabadilishwa bila didaktibo. Shemeji akifika Texas asitegemee hilo.

Hatua ya 3: Nani atalipa hospitali?

Hapa ndipo nilipoangukia mimi, na hapa ndipo majimbo yanapoachana kabisa.

Yapo majimbo 12 ambako kila mtu hutibiwa kwanza na bima yake mwenyewe, bila kujali nani mwenye kosa: Florida, Hawaii, Kansas, Kentucky, Massachusetts, Michigan, Minnesota, New Jersey, New York, North Dakota, Pennsylvania na Utah. Kwenye mkataba utaiona kwa herufi PIP, au jina linalokaribiana nalo. Minnesota inalazimisha dola 20,000 za matibabu na 20,000 nyingine za mshahara uliopotea na gharama za namna hiyo. New York ni 50,000. Kentucky ni 10,000.

Florida pia ni 10,000, lakini ina mtego. Ni lazima uonane na mtaalamu wa afya ndani ya siku 14 tangu ajali, la sivyo PIP hailipi kitu. Tena hata ukienda, kama haikuthibitishwa kwamba hali yako ilikuwa ya dharura, kiwango kinashuka hadi 2,500. Na sisi tulivyo watu wa "ngoja nilale, nitaona kesho nimeamkaje", tunajikanda kwa maji ya moto na kumeza panado mpaka wiki ya tatu. Uko Tampa au Jacksonville? Nenda siku hiyo hiyo, hata kama unajiona mzima.

Michigan ilikuwa na mfumo wa pekee: PIP bila kikomo, maisha yote. Tangu Julai 2020 mtu anachagua mwenyewe, kuanzia bila kikomo, 500,000, 250,000, na chini zaidi kwa wenye Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Ukichagua ndogo ili uokoe hela, kwanza uliza bima yako ya afya kama inalipa majeraha ya gari.

Majimbo yaliyobaki yanafuata mwenye kosa. Aliyegonga ndiye alipe, maana yake bima yake ndiyo ilipe. Je, kama hana bima? Au amekimbia? Kinga yako ni kipengele kinachoandikwa UM, cha kukulipa wewe pale aliyekugonga hana bima au hajulikani. Pacha wake, UIM, anafanya kazi pale aliyekugonga ana bima lakini haitoshi. Minnesota na New York zinalazimisha UM. Texas hailazimishi, ila sheria inaitaka kampuni ikupe UM na PIP, na asiyezitaka ni lazima akatae kwa maandishi.

Rudia sentensi hiyo ya mwisho ukiwa Texas. Usipokataa, unazo. Wakala anayekutafutia bei ya chini ana kila sababu ya kukupa fomu ya kukataa katikati ya fomu nyingine. Nitarudi kwenye fomu yangu mimi mwishoni.

Hatua ya 4: Chunga "pole" yako

Ukianguka mbele ya Mswahili atakwambia pole, hata kama alikuwa ng'ambo ya barabara. Mtu akikugonga sokoni, wewe uliyegongwa ndiye unayeanza kusema samahani. Ni adabu tu, haina hesabu ya makosa ndani yake. Tatizo ni kwamba barabarani huku tunaitafsiri kwa Kiingereza, inatoka "I'm sorry", na aliyeisikia anaandika kwenye maelezo yake kwamba umekiri.

Kwenye majimbo mengi hilo litakupunguzia fidia kwa kadiri ya kosa lako. Texas, kwa mfano, ukiwa na asilimia 20 ya kosa, unakatwa asilimia 20, na ukizidi 50 hupati kitu. Lakini Maryland, Virginia, North Carolina, Alabama na Washington D.C. bado zina sheria ya zamani: ukionekana umechangia hata kidogo, unaweza kunyimwa yote. Na tazama ramani, ndiko tuliko wengi: Silver Spring, Baltimore, Alexandria, Greensboro. Muulize mwenzio kama ameumia, msaidie, ita polisi, piga picha za magari yote pamoja na taa na alama za barabarani, pokeeni namba za bima. Pole iseme kwa Kiswahili.

Hatua ya 5: Kama gari ndiyo shamba lako

Wengi wetu tunaendesha Uber na Lyft au kupeleka chakula. Mkataba wa kawaida wa gari hautaki abiria wa kulipa, na karibu yote ina kifungu kinachokataa ajali ya namna hiyo. Sheria za majimbo mengi, Texas ikiwemo, zinaigawa siku yako vipande vitatu. Programu ikiwa imezimwa, bima yako ndiyo inayosimama. Ukiiwasha na hujapata abiria, kampuni ya programu inakulinda kwa 50/100/25. Ukishamkubali abiria mpaka anaposhuka, kinga inapanda hadi dola milioni moja kwa utakaowadhuru.

Kipande cha katikati ndicho kinachoumiza watu. Umekaa maegesho ya uwanja wa ndege, programu imewashwa, unangoja. Gari linakuja kukubamiza na kukimbia. Kampuni yako ya bima inasema ulikuwa kazini. Kampuni ya programu inasema haikatii gari lako bima katika muda huo. Dawa yake ni kiambatisho cha kuendesha abiria, ambacho kampuni nyingi za bima huongeza kwenye mkataba kwa ada ya ziada. Mwambie wakala ukweli kabla, siyo baada. Na wa chakula na vifurushi msijione mko salama kwa kuwa hamna abiria. Kile kifungu mara nyingi kinawagusa pia.

Hatua ya 6: Bei, na watu wa nyumbani kwako

California, Hawaii na Massachusetts zimekataza kampuni kupanga bei ya bima ya gari kwa kutazama rekodi yako ya mikopo. Kwingine kote karibu wanaitazama, Texas nao wakiwemo. Mgeni aliyefika mwaka jana, hana kadi ya mkopo wala deni, anaweza kulipa zaidi Houston kuliko dereva mbovu mwenye kadi nne. Sioni haki hapo, lakini ndivyo ilivyo, kwa hiyo kaombe bei upya kila baada ya mwaka kadiri rekodi yako inavyojengeka. Hata kama umeendesha basi la Arusha hadi Dar miaka kumi, kampuni nyingi zitakuhesabu dereva mpya.

Kuhusu watu wa nyumbani: nyumba zetu hazikosi mpwa, binamu au mdogo wa mke aliyefikia. Kila mwenye umri wa kuendesha anayeishi hapo anatakiwa atajwe kwa wakala, hata kama hagusi ufunguo. Ukimficha, siku atakapochukua gari kwenda kununua maziwa ndiyo siku utakayoulizwa yeye ni nani.

Hatua ya 7: Nyumba ya kupanga

Hii ni fupi. Bima ya mwenye nyumba inalinda kuta zake. Godoro, televisheni na nguo zako hazimo, na moto ukianzia kwenye jiko lako unaweza kudaiwa wewe. Bima ya mpangaji mara nyingi ni chini ya dola 30 kwa mwezi, na ukiinunua kwa kampuni inayokukatia bima ya gari wanakupunguzia zote mbili. Nunua.

Hatua ya 8: Nyumba uliyonunua

Hakuna sheria ya jimbo inayokulazimisha kukatia nyumba yako bima. Anayelazimisha ni benki iliyokukopesha. Ukiacha ikatike, benki itakununulia yake kwa nguvu, ya bei kubwa, na inayolinda mkopo wao kuliko mali zako, kisha wataiongeza kwenye malipo yako ya mwezi.

Mkataba ukija, usianze na bei. Tafuta vitu viwili kwenye ukurasa wa mbele: didaktibo ya upepo na mvua ya mawe, na namna paa litakavyolipwa. Texas didaktibo hiyo mara nyingi ni asilimia ya thamani ya bima, siyo ya hasara. Nyumba imekatiwa bima ya dola 300,000, didaktibo ni asilimia 2: unajilipia 6,000 za kwanza. Sasa mawe yamepiga paa lenye umri wa miaka kumi, lililotarajiwa kudumu ishirini, na paa jipya ni 14,000. Mkataba ukiwa umeandikwa ACV, kwanza wanakata uchakavu, linabaki 7,000. Toa 6,000. Utaletewa hundi ya dola 1,000. Mkataba ukiwa wa RCV, unaolipa gharama ya kitu kipya, hesabu ile ile inakupa 8,000. Nyumba ni moja, mvua ni moja. Kilichotofautiana ni herufi moja uliyoipita.

Na baada ya mvua watakuja mafundi wa paa kugonga mlango, wakiahidi "didaktibo tutaimeza sisi". Texas hilo ni kosa kisheria tangu Septemba 2019. Kampuni inaweza kukudai risiti ya kuonyesha kwamba umelipa fungu lako.

Mafuriko hayamo kwenye mkataba wa kawaida wa nyumba, jimbo lolote. Agosti 2017 kimbunga cha Harvey kilipoizamisha Houston, watu wengi waliligundua hilo maji yakiwa sebuleni. Mpango wa serikali kuu wa bima ya mafuriko upo tangu 1968, unalipa hadi 250,000 kwa jengo na hadi 100,000 kwa vitu vya ndani, na kwa kawaida unaanza kufanya kazi siku 30 baada ya kununua. Ukiusubiri utabiri wa hali ya hewa, umechelewa. Usidanganywe na "eneo hili halijawahi kufurika". Uliza ramani, kisha uulize majirani.

Ukienda pwani ya Texas, upande wa Galveston au Corpus Christi, kampuni nyingi zinaondoa hata upepo kwenye mkataba. Huko kuna TWIA, chombo kinachokatia bima ya upepo na mawe kaunti 14 za pwani, na nyumba inahitaji cheti cha kuonyesha imejengwa kwa viwango vyao. Kabla ya kununua nyumba kule, dai hicho cheti kama unavyodai hati ya kiwanja.

Florida ina Citizens, kampuni iliyoundwa na jimbo mwaka 2002 kwa wanaokosa bima kwingine. Didaktibo ya kimbunga huandikwa peke yake: dola 500, au asilimia 2, 5 au 10. Na tangu sheria zilipobadilishwa mwishoni mwa 2022, una mwaka mmoja tu wa kutoa taarifa ya hasara. Zamani ulikuwa mrefu zaidi, na bado wako watu wanaoshauriana kwa kalenda ya zamani.

California shida ni moto na tetemeko. Tetemeko halimo kwenye mkataba wa nyumba, lakini sheria inailazimisha kampuni ikupe nafasi ya kununua bima yake. Nyingi zinakuuzia ile ya CEA, mamlaka ya bima ya tetemeko ya jimbo hilo, iliyoanzishwa 1996 baada ya tetemeko la Northridge la 1994. Ukikataliwa na kila kampuni kwa sababu ya moto, lipo FAIR Plan, ila linalinda vitu vichache, utahitaji mkataba wa pili wa wizi na maji. Na jimbo likitangaza hali ya hatari ya moto wa msitu, kampuni haziruhusiwi kuacha kukuhuishia mkataba kwa mwaka mzima kama uko ndani ya eneo hilo au jirani yake, hata kama nyumba yako haikuungua. Ukipokea barua ya kuachwa katika mwaka huo, usiitupe. Ina thamani.

Ohio na Kentucky, kwenye maeneo ya machimbo ya zamani ya makaa, uliza kuhusu ardhi kutitia kwa sababu ya mashimo ya migodi. Bima yake haina gharama kubwa.

Hatua ya 9: Kudai, na kulalamika

Toa taarifa siku hiyo hiyo, chukua namba ya madai, andika jina la kila unayezungumza naye pamoja na tarehe. Kama Kiingereza cha mikataba kinakuchosha, omba mkalimani wa Kiswahili. Kampuni kubwa nyingi wanao kwa simu. Usimtumie mtoto wa darasa la sita kutafsiri madai ya dola 40,000.

Kampuni nazo zina saa inayozihesabia. Texas: siku 15 kukiri zimepokea madai, siku 15 za kazi kukubali au kukataa baada ya kupata karatasi zote, na siku 5 za kazi kulipa wakishakubali. California: siku 15 kukiri, 40 kuamua, 30 kulipa. Florida, kwa nyumba, siku 60 kulipa au kukataa.

Zikipita, andika malalamiko kwa idara ya bima ya jimbo lako. Ni bure. Texas ni Texas Department of Insurance, Minnesota ni Department of Commerce, New York ni Department of Financial Services. Florida imegawanya: bei ziko Office of Insurance Regulation, malalamiko yanakwenda Department of Financial Services. Idara haitakuwa wakili wako, lakini kampuni italazimika kujibu kwa maandishi, na mara nyingi faili lililolala linaamka hapo.

Kabla ya kulalamika, omba karatasi. Mimi niliomba. Rafiki mmoja alinieleza kwamba Texas, kama kampuni haina karatasi ya wewe kukataa PIP, PIP inahesabiwa kuwa ipo. Nikawaandikia wa kwangu, nikiwa na uhakika hawana: nionyesheni sahihi yangu. Siku tatu baadaye ikaja kwa barua pepe. Ukurasa wa sita kati ya kumi na moja, jina langu limechapwa kwa mwandiko wa mlazo, tarehe, na saa: tano na dakika 48 usiku. Nikakumbuka. Nilikuwa nimekaa juu ya maboksi ambayo hayajafunguliwa, watoto wamelala sakafuni, simu mkononi, nabonyeza kila kitufe cha njano kilichotokea. PIP nilikataa ukurasa wa sita, UM nikakataa wa saba.

Kwenye makadirio ya bei waliyonitumia asubuhi ya siku ile, PIP ilikuwa dola tisa kwa mwezi. Bili ya chumba cha dharura naimaliza Machi.